Mfamasia Aliyepika Majani ya Bahari

Ukiingia dukani kwake kununua dawa ya kichwa, hakukuuliza kichwa kinauma upande gani. Alikuuliza, "Nani kakwambia?" Nani kakwambia ni kichwa, nani kakwambia unywe hiyo, nani kakwambia inapatikana hapa. Wageni walidhani anatania, wakacheka. Sisi wa Omurushaka tulishajua kwamba hana utani, tukawa tunamjibu kama watu waliosimamishwa na askari barabarani.

Sote tulimwita Mfamasia, hata mwenye nyumba aliyempangisha. Wengine walilitamka neno hilo huku wamekunja midomo, kuonyesha kwamba wanalitumia tu kwa kukosa jingine. Sababu yao ilikuwa ukuta wake. Siku zile mwenye duka la dawa baridi, hata awe anauza aspirini na dawa ya kuchua tu, alitundika cheti chake kwenye fremu karibu na picha ya Rais. Kwake ilikuwepo picha ya Rais peke yake. Mtu akimgusia habari za cheti alijibu, "Umekuja kutibiwa na karatasi?" Jibu hilo liliwaridhisha waliokuwa wanaumwa sana. Waliobaki walitoka wakitazamana.

Tulichokijua juu yake kilikuwa kidogo. Alikuwa Mhaya, Mlutheri, wa upande wa Bukoba. Alisoma ng'ambo, katika nchi ya baridi ambayo watu wake, alivyosema mwenyewe, huvuna majani baharini kama sisi tunavyovuna kahawa. Alifanya kazi Dar es Salaam, kisha akaiacha, au ikamwacha. Alifika kwetu baada ya vita ya Amin, wakati ambao hata kipande cha sabuni ulikipata kwa kujuana. Mtu kuondoka Dar es Salaam aje aishi Omurushaka katika miaka ile kulitosha kumtilia shaka. Tulijiuliza anakimbia nini, na kwa kuwa hakutwambia, kila mmoja alijaza mwenyewe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, na duka lake lilikuwa kwenye njia yangu ya kwenda na kurudi. Nilimwamkia kila siku kwa miaka. Sikumbuki hata mara moja ambayo aliitikia "marahaba" bila kwanza kunitazama mikono, kuona nimebeba nini.

Watu walimshuku, lakini hakuna aliyemshinda yeye kwa kushuku. Vidonge vikimfikia kutoka Bukoba alivifungua kimoja kimoja, akanusa, akagusa kwa ncha ya ulimi, akavishika mbele ya dirisha. Alishawahi kuuziwa kapsuli zilizojazwa unga wa muhogo, na tangu hapo kila kapsuli duniani ilikuwa na kesi ya kujibu. Akikuuzia dawa, cha kwanza ulikimeza palepale mbele yake, kwa sababu aliamini watu wananunua kwake kwenda kulangua Kayanga. Maji alikupa kwa kikombe chake cha bati, na kabla ya kukupa alikiosha huku unamwona.

"Naosha mbele yako," alisema, "maana na wewe huniamini. Au uongo?"

Hakuna aliyewahi kumjibu kwamba ni uongo.

Kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa, mgongo ukutani, ili asiwepo mtu nyuma yake. Lakini wimbo ukianza, sauti iliyotoka kwenye lile benchi ilikuwa tamu hadi watu wakageuka. Mtu huyohuyo aliyefunga kabati la dawa kwa kufuli kubwa la ghala aliegemeza baiskeli yake barabarani bila mnyororo, mchana kutwa, na hakuna aliyeigusa. Msimu wa senene alinunua kwa akina mama ndoo nzima ya panzi hao, akawataka wawanyonyoe mbele ya macho yake, halafu walipokwisha kunyonyolewa wote akawagawia walewale akina mama karibu nusu. Ukimfikiria kwa upande mmoja, upande wa pili unakukatalia.

Lililotusumbua zaidi lilikuwa chumba cha nyuma. Kila baada ya muda basi la Bukoba lilimshushia magunia. Yalikuwa yamesafiri kwa treni, kwa meli, kisha kwa basi, na yalifika yakiwa na harufu ambayo watu wa milimani hawakuijua. Haikuwa harufu ya ziwa. Mimi ni mzaliwa wa Muleba, ziwa ni uani kwetu, na harufu ile ilinishinda kuitaja. Akishayaingiza ndani, moshi ulianza kutoka, na wanawake wa gulioni wakaona kwamba Mfamasia anamaliza magadi yao yote, yale ya kulainishia maharage, wakati hana mke wala sufuria kubwa ya maharage. Alinunua na chokaa. Alinunua na siki.

Ilikuwa miaka ambayo ule ugonjwa wa kukondesha ulishaingia kwetu na tulikuwa tunazika vijana. Mtu asiyejulikana, mwenye chumba kinachonuka, katika miaka kama ile! Kuna waliosema anapika viungo vya watu. Kuna waliosema anatengeneza sumu. Mwishowe askari walikuja kupekua, wakidhani ni mlanguzi aliyeficha sukari. Wakakuta majani makavu ya rangi ya tumbaku, yaliyojikunja kama mikanda ya zamani. Askari mmoja alitafuna kipande, akatema, akauliza hii ni mboga ya wapi.

"Ya baharini," Mfamasia alimjibu. "Na hujaambiwa utafune."

Wakaondoka. Waliosema ni viungo vya watu hawakuacha kusema.

Sasa nieleze namna nilivyoingia katika habari zake, maana bila hilo ningekuwa tu mmoja wa wapita njia.

Niliolewa Ihanda, kijiji cha jirani, katika ukoo wa wafugaji. Kwao samaki haliwi. Huo ni mwiko, haujali nani anapenda nini: aliyekula samaki asiguse maziwa, la sivyo ng'ombe watakata maziwa, watatupa mimba, watakufa. Mimi, mtoto wa ziwani niliyelelewa kwa samaki, niliwaacha siku ya harusi. Hata nilipokwenda kwetu kusalimia nilikula ndizi na maharage, mama yangu akanitazama kwa huruma. Pamoja na hayo, najua kwamba ukweni kuna waliokuwa wakinitazama vidole kila nikirudi kutoka Muleba.

Baba mkwe alikuwa mzee mrefu, mwenye maneno machache. Kwa desturi sikuweza kukaa naye uso kwa uso wala kutamka jina lake. Habari zake nilizipata kwa mama mkwe, na chochote nilichompelekea kilipita mikononi mwa mama mkwe. Miaka ile viungo vyake vilivimba, magoti na vifundo, akawa hawezi kufika zizini. Mfugaji asiyefika zizini amebaki nini? Alikunywa aspirini kama mtu anayekula karanga. Maumivu yalipungua, akatoka, akahesabu ng'ombe wake. Kisha asubuhi moja akatapika kitu cheusi kama kahawa iliyosagwa. Hospitali walimwongeza damu, wakamwambia tumbo lake limechubuka, aspirini basi. Akaiacha. Magoti yakarudi palepale.

Nilikwenda kwa Mfamasia nikamweleza. Nilitegemea aniulize nani kaniambia. Badala yake alinikaribisha nyuma ya kaunta, jambo ambalo sikuwahi kuona akimfanyia mtu, akafungua mlango wa kile chumba.

Ndani kulikuwa safi kuliko jikoni kwangu. Alinionyesha rojo zito, la rangi ya uji wa ulezi, lililotokana na yale majani aliyoyachemsha kwa magadi na kuyachuja. Alikuwa amelichanganya na aspirini iliyotwangwa. Alilivuta kwa bomba la sindano, akalidondosha tone moja moja katika bakuli la maji aliyoyatengeneza kwa chokaa na siki. Kila tone lilipogusa maji yale liligeuka punje, mviringo, laini, ikazama.

"Tumbo lina uchachu," alisema. "Angalia." Akachukua punje, akaitia katika maji ya ndimu. Haikubadilika. Tukakaa, akinihadithia habari nyingine, na ilibaki vilevile, ngumu. Kisha akaitoa, akaitia katika maji ya magadi. Ikavimba, ikalegea, ikayeyuka mpaka maji yakawa mazito. "Chini ya tumbo, kwenye utumbo, hakuna uchachu. Hapo ndipo inafunguka. Dawa inapita mlangoni kwa tumbo bila kubisha hodi."

Nikamwuliza, "Ni majani tu?"

"Ni majani ya bahari."

"Hakuna mnyama?"

Alinitazama. "Majani, mwalimu. Yanaota kwenye mawe."

Niliuliza kwa sababu ya nyumba niliyoolewa. Sikumwambia sababu yenyewe. Nilidhani Mhaya yeyote aliyekulia karibu na watu wetu angeijua. Na punje zile, zikiwa zimejaa kwenye kikombe, nilizitazama nikaona zinafanana na kitu kilichonitia wasiwasi. Zilifanana na mayai ya samaki.

Baba mkwe alianza kuzinywa. Kila Jumamosi nilipita dukani kuchukua mpya, nikampa mama mkwe katika kopo lenye kifuniko. Mzee aliziita mbegu. Wiki za mwanzo hatukuona kitu. Baadaye niliambiwa amekwenda chooni bila fimbo. Halafu amekwenda zizini. Siku niliyomwona kwa mbali amesimama kati ya ng'ombe, mkono juu ya mgongo wa yule jike mwekundu wa pembe ndefu aliyempenda kuliko wote, nilirudi nyuma ya nyumba nikalia, ingawa hatukuwa tumewahi kuzungumza sentensi kamili mimi na yeye.

Mvua zilipoanza tukapata tatizo. Punje zilikuwa zikilegea zikiwa bado njiani, dawa inatoka mapema, na mzee akaanza tena kushika tumbo. Nilimweleza Mfamasia. Alichezea kikombe chake. Jumamosi iliyofuata alinipa punje zenye ngozi, ngumu kidogo, zinazong'aa. Hizo hazikulegea. Nikamwuliza amefanya nini.

"Nimeziongezea koti."

"Koti la nini?"

"Mwalimu, wewe mchukulie mgonjwa dawa."

Nikaondoka na kopo langu. Njiani kote nilikuwa na dukuduku. Nililifungua mara kadhaa nikanusa. Harufu ilikuwa ya siki, basi. Jumamosi nyingine nilimwuliza tena, na safari hii alisema bila kunitazama, "Ni majani yaleyale." Tumbo la mzee likatulia kabisa.

Haukupita muda mrefu yule jike mwekundu akatupa mimba. Mwingine akakata maziwa ghafla, ndama wake bado mchanga. Hayo hutokea katika kila zizi, kila mfugaji anajua. Lakini nyumbani walianza kutafuta mlango ambao balaa liliingilia, na mlango wa kwanza nilikuwa mimi.

Hawakunishtaki kwa mdomo. Mama mkwe, mwanamke niliyempenda, aliingia jikoni kwangu akijifanya anatafuta chumvi, akainua sufuria zangu moja moja, akazinusa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliwauliza wanangu wamekula nini shuleni, wamekula nini kwa bibi yao wa Muleba. Sikuruhusiwa tena kushika vibuyu vya maziwa. Nilisikia kwamba yamezungumzwa maneno ya kunirudisha kwetu "kupumzika kidogo". Mume wangu alisema, "Waache watafute. Hawatapata kitu." Ni kweli aliniamini. Lakini nilitaka alitamke mbele yao, na hakulitamka.

Aliyepata kitu ni shemeji. Alikuwa Omurushaka siku ambayo basi lilishusha mzigo wa Mfamasia, na safari hiyo pamoja na magunia lilikuwepo boksi, likalowa, likapasuka. Yakamwagika magamba mekundu, mepesi, yenye ndevu ndefu na macho meusi yaliyokauka. Yalikuwa magamba ya kamba, wale wadudu wa baharini ambao watu wa pwani huwala. Mfamasia aliyakusanya kwa mikono, haraka, bila kumruhusu mtu amsaidie. Shemeji aliokota moja lililobaki, akalifunga katika jani la mgomba, akalileta Ihanda.

Siku ya gulio baba mkwe alikwenda Omurushaka. Alikwenda kwa miguu yake. Mwendo ule, mwaka uliotangulia, angebebwa na baiskeli huku anashikiliwa na watu wawili. Nilikuwa nyuma pamoja na mama mkwe, na nilimtazama jinsi anavyotembea, magoti yamenyooka, nikafikiri: anatumia miguu aliyopewa kwenda kumshtaki aliyempa.

Duka lilikuwa na wateja. Walipisha. Mzee aliweka gamba juu ya kaunta, akasema kwa Kinyambo, na Mfamasia akamjibu kwa Kihaya. Lugha hizo ni ndugu, walielewana neno kwa neno.

"Hiki kimo ndani ya mbegu zangu?"

"Nani ka..." Mfamasia alianza.

"Ninayeuliza ni mimi."

Mfamasia aliliangalia gamba. Angeweza kukana. Magamba yenyewe alikuwa ameyaloweka, akayachemsha kwa magadi makali ya kutengenezea sabuni, akayaosha mpaka yakawa meupe kama karatasi, akayayeyusha kwa siki. Hakuna mtu Karagwe nzima ambaye angeweza kuchukua punje na kumthibitishia.

"Kimo," alisema. "Kwenye ngozi ya nje. Nyama yake haimo, wala damu. Nimekitakasa."

"Kilikuwa kiumbe cha majini?"

"Ndiyo, waitu," alijibu, neno la heshima kwa Kihaya.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na wewe hukujua mimi ni mtu gani?"

Hapo Mfamasia alishika kikombe chake cha bati, akaanza kukiosha. Watu waliokuwa mlangoni walikuwa wengi sasa, na nilisikia mtu akisema tulijua, tulijua tangu zamani, na mwingine akasema yavutwe magunia yamwagwe barabarani. Kijana mmoja aliruka kaunta.

"Rudi," baba mkwe alimwambia, bila kupaza sauti. "Usiguse kitu chake. Sikuja kuiba." Akaweka kopo juu ya kaunta, karibu na gamba, akalisukuma upande wa mwenyewe. "Ungeniibia ng'ombe ningefuata nyayo zake hadi mpakani. Hiki ulichonifanyia nitakifuata wapi?"

Akatoka. Alitembea njia yote ya kurudi vilevile, amenyooka.

Jioni hiyo hakunywa maziwa, wala kesho yake, mpaka wazee wenzake walipokuja kufanya yanayofanywa kwa mtu aliyevunja mwiko bila kujua. Mama mkwe hakuniomba radhi. Aliniita uani mbele ya mashemeji na wake zao wote, akanipa kibuyu cha kusukia samli, akasema, "Suka. Mikono yangu imechoka." Nikakisuka hadi mabega yakawaka moto, na hakuna aliyenitazama vidole.

Mfamasia alikuja Ihanda. Hatukumtegemea. Alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa koti, akaegemeza baiskeli kwenye mgomba wa mwanzo, akasubiri nje ya ua mpaka alipoitwa. Nilikuwa jikoni, ukuta wa jikoni ulikuwa na nafasi kati ya miti. Alileta kopo la punje mpya, za majani matupu. Alisema atazitengeneza kila siku mbili ili zisilegee, atazileta mwenyewe. Akachukua kiganja kizima, akazila mbele ya mzee, akafungua mdomo kuonyesha kwamba amemeza.

Baba mkwe alimwonyesha kwa mkono afunge kopo.

"Nakuamini kwamba hizi ni majani," alisema. "Lakini sizitaki."

"Magoti yatarudi, Tata," alisema, akimwita baba kwa Kihaya.

"Yatarudi."

"Kwa hiyo kwa nini?"

"Ungeniuliza kabla, ningekubali, au ningekataa. Pengine ningekubali, nilikuwa naumwa sana. Sasa sitajua kamwe ningesema nini. Umelichukua jibu langu ukalijibu wewe."

Mfamasia alisimama pale na lile kopo. Ndiyo mara pekee niliyomwona hana la kumshuku mtu. Mama mkwe alimtolea maji ya kunywa, na alipomaliza kunywa alikirudisha kikombe kwa mikono miwili.

Magoti yalirudi. Baba mkwe aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, mingi ya mwishoni akiwa kitandani, na watoto wakawa wanawapitisha ng'ombe mbele ya dirisha lake asubuhi ili awaone. Nyumbani tulibishana juu ya swali moja tu: je, Mfamasia alijua? Shemeji alisema alijua, Mhaya atakosaje kujua. Mume wangu alisema mtu aliyesoma ng'ambo muda mrefu husahau mambo ya watu. Mimi nilikuwa upande wa mume wangu. Wanangu walipokua na kuuliza, niliwaambia hakujua. Nilitaka iwe hivyo, maana bila yeye nisingemwona mzee amesimama kati ya ng'ombe wake.

Duka la Mfamasia halikuvunjwa, lilikauka. Watu waliacha kuingia, na siku moja tukakuta milango imefungwa na baiskeli haipo. Walisema ameenda Uganda. Walisema amekamatwa. Walisema alikuwa na ule ugonjwa. Mwenye nyumba aliingia kile chumba cha nyuma akiwa na maji ya baraka.

Baba mkwe alipofariki, wakimbizi walikuwa wameanza kupita barabarani kutoka Rwanda, na hatukuweza hata kumlilia kwa utulivu. Ni baada ya hapo, katika miaka hiyohiyo ya tisini, nilipokwenda Kamuli, upande wa Kyerwa, kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu. Tulipomaliza kuzika nilimsikia mtu katika kwaya akiimba sauti ya nne. Niligeuka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mwishoni kabisa, mgongo kwenye ukuta wa nyumba.

Alikuwa amezeeka vibaya. Jicho moja lilishaingia ukungu. Alikuwa akiishi pale jirani, kwa dada yake, kwenye shamba la kahawa na migomba, na nikamsindikiza hadi huko.

"Shikamoo, Mfamasia."

"Marahaba. Sauti naijua."

"Ni mwalimu wa Omurushaka. Mke wa watu wa Ihanda."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Dada yake alituletea chai, akatuacha. Aliniuliza habari za mzee, nikamwambia ametutoka. Akauliza kama alitembea tena. Nikamwambia hapana.

Sikuwa nimekusudia kumwuliza, lakini nilikuwa nimekwisha kuzeeka kidogo mimi pia, na nilichoka kuwa na swali lile.

"Ulijua?"

"Kuhusu samaki?" Alicheka kidogo, kwa pumzi tu. "Mwalimu, nimekulia Kanyigo. Shangazi yangu aliolewa na watu kama ninyi. Nilijua tangu siku uliyoniuliza kama kuna mnyama."

Nikaweka kikombe chini.

"Tumbo lilikuwa litamwua," alisema. "Nikasema ngoja tumbo litulie kwanza, halafu nitamwambia. Lilipoanza kutulia nikasema Jumamosi ijayo. Ukaja Jumamosi, ukaniuliza koti la nini, nikaona nikikwambia utanirudishia kopo. Nikasema Jumamosi nyingine. Sikumwamini kwamba akijua angechagua vizuri."

"Vizuri kwa nani?"

Alipapasa meza akitafuta kikombe chake, na mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nilikisogeza kikafika mkononi mwake. Nilikuwa na hasira. Nilifikiria sufuria zangu zilivyonuswa, nilifikiria lile neno "kupumzika kidogo". Na bado nilimwona yule mzee mrefu kati ya ng'ombe, mkono juu ya mgongo mwekundu. Vyote viwili vilikuwa kazi ya mtu huyuhuyu aliyeketi mbele yangu, na sikuweza kuchukua kimoja nikaacha kingine.

Nilipoinuka kuaga alisema, "Amezikwa palepale Ihanda?"

"Kwenye migomba yake."

"Ningependa kufika kaburini. Kama dada atapata mtu wa kunipeleka." Kisha, kabla sijasema neno, akainua mkono. "Hapana. Nakuuliza. Naweza kuja?"

"Si mimi wa kujibu," nilimwambia. "Nitawauliza wenyewe."

"Waulize. Wakikataa, niambie wamekataa."

Nilirudi Ihanda na gari la kahawa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anamenya ndizi kwa kisu kile kilichokwisha kwa kunolewa, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Nilimwambia nimemwona Mfamasia. Nilimwambia yote: kwamba alijua, kwamba alijua tangu mwanzo, kwamba anaomba kufika kaburini. Aliendelea kumenya. Ndizi zikaisha kwenye kikapu, akavuta kikapu kingine.

"Amesema anaomba?" aliuliza.

"Ameuliza kama anaweza."

Alimenya nyingine mbili, tatu, bila kunitazama.

"Aje," alisema. "Ila asije na kitu chochote mkononi."